Pigo Nililomwachia Nguzo

Nani kati yenu anaweza kuniambia ni wimbo gani huu ninaougonga hapa kwenye ubao wa kitanda? Taratibu. Radi, mwanangu, umeshafungua mdomo kabla sijamaliza hata mzunguko mmoja, na huo ndio ugonjwa wako tangu unatambaa. Digrii, wewe unatikisa kichwa tu, umeujua na hutaki kumwaibisha kaka yako. Haya, tulieni, wanangu, mnisikilize. Na wewe Kepteni sogeza kiti, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Bendi ni yako, na katika haya niliyonayo kuna la kwako. Mama yenu atanipa maji nikikohoa. Asubuhi daktari alizungukazunguka na maneno, nikamwambia, daktari, kazi yangu ni drams, najua wimbo unapokaribia kuisha.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka mwisho wake, hilo mlishalijua na sitaki kulisikia likijadiliwa kwenye matanga yangu. Kilichobaki ni kile kilichofunikwa shuka pale kwenye kona. Najua ndicho kilichowaleta wote wawili mapema hivi, na Radi amekuja na gari la kubebea, nimelisikia likiegeshwa. Nitasema drams zangu zinakwenda kwa nani. Lakini kwanza mtasikia zinavyopigwa, kwa sababu hizo ni ngozi na vyuma tu, na mimi siwaachii vyuma.

Solo haianzii mikononi. Inaanzia mdomoni. Kama huwezi kuiimba, tu-ku-pa, tu-ku-pa, huku unaosha vyombo, basi ukikaa pale jukwaani mikono yako itabwabwaja tu kama mlevi kwenye kituo cha basi. Chukua kineno kimoja kidogo, mapigo matatu yanatosha, ukiseme, unyamaze, ukirudie, kisha ukibadilishe kitu kimoja tu: ukihamishe kutoka ngoma ndogo hadi ile kubwa ya sakafuni, au ukianze nusu pigo baadaye, ili msikilizaji akitambue na ajione ana akili. Sijawahi kumwona mtu anayesimulia kisa kwa kutaja maneno yote anayoyajua, isipokuwa wewe Radi unapopewa nafasi ya solo. Usinune. Hata mimi nilikuwa hivyo, na nitafika huko.

Fanyeni mazoezi polepole, polepole mpaka mwone aibu mtu akipita. Miaka saba nilifanyia mazoezi kwenye mto wa kulalia kwa sababu jirani wa ukutani alikuwa mwalimu mwenye kipandauso, na ule mto ndio ulionifunza, maana ngozi ya ngoma inakurudishia kijiti lakini mto haukurudishii kitu, kila pigo ulinyanyue mwenyewe kwa kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto uleeni: mswaki, kijiko, ufunguo wa mlango, vyote kushoto. Mama yenu anacheka hapo, anakumbuka nilivyokuwa najipaka dawa ya meno puani. Na mguu wa kushoto, ule wa kwenye matoazi, ndio saa ya ukutani. Mikono iende inakotaka, saa isisimame. Halafu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wimbo usiutoe kichwani. Ukiwa ndani ya solo, imba wimbo wenyewe moyoni tangu mwanzo hadi mwisho, ujue kila dakika pigo la kwanza liko wapi, kwa sababu wenzako watano wamesimama wanakungoja uwarudishe nyumbani. Ukilipoteza pigo la kwanza, umewapoteza wote.

Nipe maji, mama.

Mwezi uliopita Digrii alilipoteza. Msitazamane, nilikuwepo, nimekaa pale nyuma na hii fimbo yangu. Alikuwa na solo nzuri, ina nafasi, inapumua, akajaribu kupiga tatu juu ya nne, mapigo matatu kwenye nafasi ya manne, ikamteleza. Akafanya nini? Akanyanyua kijiti juu, akasimamisha mkono, akawaambia wenzake mbele ya ukumbi mzima, "Sori jamani, nimepotea, nihesabieni." Mpiga gitaa akamhesabia, akaingia, wimbo ukaendelea, watu wakacheka na kupiga makofi. Radi ukaja hapa nyumbani umevimba, ukasema dada yako ametuaibisha, msomi mzima wa hesabu hajui kuhesabu mpaka nne. Na Kepteni ukamwondolea solo zote mpaka leo. Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hiki kifua, kwa sababu ni mara yangu ya pili kunyamaza, na ile ya kwanza hamuijui.

Kepteni, unakumbuka Jumapili ile ya alasiri, ulipowaalika watu wa redio waje waturekodi? Ni miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na mikono kama yako, Radi, na kiburi kukuzidi. Nilipewa mizunguko minne ya solo. Katika mzunguko wa tatu niliona yule wa redio ameacha kuandika, ananitazama mikono, basi nikaacha kuimba wimbo kichwani nikaanza kumpigia yeye. Nilipotaka kurudi, sikujua niko wapi. Nikabahatisha. Nikarudi pigo moja kabla ya wakati wake.

Nguzo alikuwa kwenye besi. Nyinyi mlikuwa wadogo, mlimwita baba mdogo, alikuwa akiwabeba mabegani. Nguzo alisikia mara moja. Hakunitazama hata, alikatiza pigo lake akahamia pale nilipo, ili mimi na yeye tuwe pamoja na kosa lisisikike. Kisha tarumbeta zikaingia mahali pake sahihi, nikazisikia, na badala ya kubaki na Nguzo tukarudi wote kwa utaratibu, mimi nikaruka peke yangu nikazifuata. Mnaelewa nilichofanya? Alikuja kunichukua nilikopotea, nikaruka kurudi, nikamwacha huko. Mapigo manane mazima besi ililia peke yake, na kila mtu ukumbini alisikia ni besi iliyopotea.

Kwenye kile chumba cha nyuma, Kepteni, ukiwa bado unafuta jasho, uliuliza, "Nani katuharibia?" Mimi nilikuwa nafuta vijiti. Vilikuwa vimeshakauka, nikaendelea kufuta. Nguzo akanitazama mara moja tu, akangoja, nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, kisha akasema, "Ni mimi." Ukamtoa kwenye bendi kabla ya chakula cha jioni. Leo anatengeneza feni na pasi kwenye kibanda nyuma ya soko. Nimempelekea feni ile pale mara tatu, mara mbili haikuwa mbovu. Ananiuliza, "Shemeji hajambo? Watoto?" Anakaza skrubu, ananirudishia. Hajawahi kunidai neno lile, na mimi sijawahi kulitoa.

Sasa basi.

Drams ni za Digrii. Radi, keti, sijamaliza. Hukunyimwa kwa sababu wewe ni mbaya, mikono yako ni bora kuliko yake na pengine kuliko yangu, na vile vijiti vyangu vya mti mweusi ni vyako, pamoja na mto ule, nimeutunza, uko kabatini. Lakini anayekaa kwenye kile kiti anawashika wenzake watano, na mimi sitaki akae mtu anayeweza kupotea akanyamaza. Dada yako amepotea akasema. Mimi nilikuwa na mikono, sikuwa na hilo. Kila mmoja amsaidie mwenzake. Digrii, mfundishe kakako kuacha nafasi. Radi, mfundishe dadako ile tatu juu ya nne, polepole, mpaka imwingie. Na ulimi wako huo mkali, binti yangu, najua umesoma na dunia imekunyima kazi, una haki ya hasira, lakini jukwaani hasira hiyo iwekwe mguuni, pale inapokanyagwa.

Maji. Kidogo tu. Sauti... sauti inakimbia mbele yangu.

Nawabariki, wanangu. Mikono yenu isikauke. Mkiwa mnapiga, Mungu awape masikio. Mama yao, nisamehe... na mswaki pia.

Kepteni. Sogea, siwezi kupaza. Mimi nilinyamaza, lakini wewe ndiye uliyemtoa mtu bila kuuliza mara ya pili, kwa hiyo tumelifanya wawili na mimi sina tena miguu. Kesho asubuhi, kabla hajafungua kibanda, nenda kwa Nguzo. Nenda na bendi nzima, na watoto wangu wawepo. Mwambie mbele yao wote kwamba besi haikupotea, niliyepotea ni mimi. Mpe nafasi yake, akiitaka. Na binti yangu mrudishie solo zake. Nataka uniahidi sasa hivi, kwa mdomo wako, nikusikie.