Mtani Aliyeniigiza Matangani

Ndugu zangu wa kikundi, nitasema taratibu, maana nikikimbia maneno nayo yananikimbia. Nikinyamaza katikati msinihurumie. Ningojeni tu, nitarudi.

Nilikuwa mpanga magunia kwenye ghala la korosho. Msimu mmoja gunia lilichomoka juu ya safu, likanipiga kichwani, nikaanguka sakafuni. Nilipozinduka wenzangu walikuwa wananimwagia maji. Mmoja akasema, "Mzima huyu, hata damu hakuna!" Tukacheka. Nikaendelea na kazi.

Nawaambia, ningetoka damu ningetibiwa mapema.

Tangu hapo kichwa hakikuacha kuuma. Harufu ziliondoka. Jirani akikaanga korosho, mimi nasikia kelele za kikaango tu. Nikawa namsalimia mtu huku jina lake limepotea. Honi ya bajaji ilinipandisha hasira mpaka natetemeka. Kazini wakaniachisha. Kila nikienda zahanati nasema kichwa kinauma, napimwa malaria, napewa vidonge, narudi nyumbani. Hapa kwetu Likombe wengine walisema ni bangi, wengine wakasema nimepigwa kipapai, uchawi wa kwetu. Mama alinipeleka kwa waganga, nikachanjwa, nikafukizwa. Mke wangu alivumilia, halafu akachukua watoto akarudi kwao Madimba. Simlaumu. Aliolewa na mtu mmoja, akajikuta anaishi na mwingine.

Nikabaki na mama. Ndugu zangu, upweke si kukosa watu. Upweke ni kukaa na mama yako mzazi ukamwona anakuogopa kidogo.

Kisha mama akafariki.

Mnajua matanga yetu. Watani wakija, hakuna kinachowazuia. Siku ya kuvunja matanga mtani wetu mmoja, Myao, alinivua kofia akaivaa yeye. Akainuka, akaanza kutembea kama mimi. Akafika mlangoni akagonga mwimo kwa bega la kushoto. Akarudi, akagonga tena palepale.

"Nipeni kile... kile cha kunywea... Aah! Mnanitazama nini? Hamjawahi kumwona mtu?"

Watu waliangua kicheko, hata waliokuwa wanalia. Mimi nilitazama tu. Kumbe ndivyo nilivyo. Kumbe wote walikuwa wananiona miaka yote ile, wakanyamaza kwa adabu.

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni muuguzi. Alikuwa amekuja kutuhani. Yeye hakucheka.

"Mtani, hebu rudia. Ni bega hilohilo kila mara?"

"Hilohilo, dada. Mimi siongezi chumvi, naigiza ninachokiona."

Akanigeukia. "Shemeji, uliwahi kuumia kichwa?"

"Gunia lilinidondokea ghalani."

"Zahanati uliwaambia?"

"Niliwaambia kichwa kinauma."

"Gunia je, ulilitaja?"

"Hawakuniuliza."

Akashika mdomo. Mtani akanivua... hapana, akanirudishia kofia, akakaa chini.

Shemeji akanipeleka hospitali kubwa, nikapigwa picha ya kichwa. Daktari akanionyesha mahali ubongo ulipoumia, kovu la zamani. Alisema kilichopotea hakitarudi chote, lakini kuna dawa ya maumivu yale na kuna mazoezi ya kufanya. Nililia pale mbele yake. Si kwa huzuni. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kuamini mimi ni mtu mbaya.

Mke wangu alirudi. Alhamdulillahi. Tunaishi polepole, na siku nyingine bado ni ngumu.

Namshukuru shemeji aliyeuliza. Namshukuru mtani, maana alinitania mbele ya watu nikapata kutazamwa. Nanyi nawashukuru mlionipa kazi ya kufungua ukumbi huu, kazi ninayoiweza.

Mtu wenu akibadilika, msimpe jina kwanza. Muulizeni kilichompata, na mkishauliza, msubirini ajibu.

Mama hakuwahi kujua. Alikufa akidhani mwanawe amechukuliwa na wachawi, ameachiwa mgeni ndani ya nyumba. Na bado mama alimpikia huyo mgeni kila siku, akamsubiri ale ashibe. Mungu amrehemu.