MaMbatha na Tawi la Mkunazi Lisilo na Kibali

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia za Ntombela na Mbatha nasimama kuwasomea maisha ya mama yetu, Thokozile Ntombela, ambaye wote tulimwita MaMbatha kwa ukoo wa baba yake, nami nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuruka mstari.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Nquthu, akasoma hadi darasa la sita mwaka 1971, akaachishwa ili kaka zake waendelee, jambo ambalo hakuwasamehe, na waliopo hapa wanalijua. Kuanzia 1977 alishona sare za shule kiwandani, mji wa jirani wa Dundee, hadi macho yalipochoka. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bhekani Ntombela, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Germiston, wakajaliwa watoto wawili, Sizakele na Mlungisi.

Mwaka 2020 ugonjwa ulipoingia na serikali ikaifunga nchi kwa sheria, MaMbatha alizitii, barakoa alivaa na kuwashonea wengine, mikono alinawa, wageni aliwasalimia kwa mbali. Tarehe 11 Julai mumewe akafia hospitali moja ya Johannesburg, mwili ukaletwa umefungwa plastiki, ukatoka garini moja kwa moja hadi kaburini, haukulala nyumbani hata usiku mmoja, naye akavumilia. Lakini roho ya mumewe ilikuwa bado kwenye kile kitanda cha hospitali, na mke asiyeifuata amemtupa mumewe njiani, basi akaenda polisi kuomba kibali cha kuvuka jimbo, akajibiwa kwamba sheria inaruhusu safari ya mazishi, na mazishi yamekwisha.

"Mama, kwenye orodha yetu hakuna roho," karani alimwambia.

"Basi orodha yenu haijakamilika, mwanangu," akajibu, akakata tawi la mkunazi, ambalo kwa mila yetu ndilo hubeba roho ya marehemu hadi kwake, akaondoka.

Kwenda alivuka bila kusimamishwa, na hospitalini muuguzi mmoja alimfikisha mlangoni mwa wodi, MaMbatha akamwita mumewe kwa majina ya ukoo, akaanza safari ya kurudi, na anayembeba marehemu kwa tawi haongei na mtu mwingine mpaka afike. Kwenye kizuizi cha mpakani askari walimshusha, na neno moja tu la uongo, kwamba anatoka mazishini, lingemvusha.

"Mama, kibali!"

MaMbatha akaliinamia tawi. "Baba Sizakele, usiwajibu. Watoto hawa wamepigwa na baridi tangu asubuhi."

"Wee mama, unaongea na nani?"

"Tulia, baba. Karibu tutafika."

Walimlaza mahabusu, wakataka kulichukua tawi liwe kielelezo cha kesi, ndipo konstebo Nonhle Khoza akasimama mlangoni akasema, "Hili haliguswi. Huyu ni baba wa watu." Kesho yake wakamwachia aje kushtakiwa, akafika nyumbani, akalilaza tawi ndani ya nyumba kubwa, ile ya wazee wa ukoo waliotangulia, akasema, "Tumefika."

Tarehe 3 Agosti alihukumiwa faini au kifungo. "Nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba mume wangu alikuwa magendo," alimwambia hakimu, akaenda jela, akatumikia hadi mwisho. Baadaye Mlungisi alipotaka kuomba kosa lile lifutwe, mama alimkemea, "Shule haikunipa cheti, kiwanda hakikunipa cheti. Hiki cha hatia nimekitolea jasho, ole wako ukikigusa, mtakisoma siku ya kunizika." Basi tunakisoma, mbele ya viongozi wote mlioketi hapo mbele: Thokozile Ntombela, amepatikana na hatia ya kuvuka jimbo bila kibali, faini hakulipa.

Tangu 2023 alisumbuliwa na figo, akatibiwa akiwa kwa Sizakele huko Germiston, akafariki hospitalini tarehe 27 Mei 2025. Juzi Mlungisi alipita njia ileile na tawi la mkunazi, kinywa amekifunga, na jana jeneza lililala nyumbani, tukaimba hadi kukacha, tukiwa wengi kuliko sheria ile ilivyowahi kuruhusu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, mafundi wenzake mlioshona hizi nguo nyeusi, na konstebo Khoza, ambaye ameketi nasi akiwa na sare yake. Serikali nayo tunaishukuru kwa cheti.

MaMbatha, umefika nyumbani, na kibali hatukumwomba mtu. Pumzika kwa amani.