Julienne Mwelwa, Aliyewapikia Sabuni Watoto wa Kamalondo

Baba zetu na mama zetu, ndugu wote mliokuja kwenye kilio, kabla hatujampeleka mama yetu makaburini familia inawasomea maisha yake, na msishangae tukiyasoma kwa hasira.

Mama Julienne Mwelwa alizaliwa Kambove tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa tatu wa baba Constantin, mfanyakazi wa mgodi, akasoma hukohuko kwa masista, ambao mwaka 1975 walimfundisha kupika sabuni ya mafuta ya mizeituni. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na baba Clément hapa Lubumbashi, Mungu akawajalia watoto watatu, Hénoc, Wivine na Bénie, na wajukuu ambao wote waliogeshwa kwa sabuni yake.

Kazi aliifanyia uani, katika parsela yetu, kiwanja chetu cha hapa Kamalondo, na hakuna sabuni aliyoiuza kabla hajaigusa kwa ncha ya ulimi, kwa kuwa sabuni ambayo soda yake, ile dawa kali ya kuigandisha, haijaiva huuma, na mama alitaka imuume yeye, si mtoto mchanga. Mwaka 2023 mafuta ya mizeituni yalipoadimika alizunguka maduka yote akijibiwa hakuna, akaanza kupika kwa mawese na mafuta ya karanga, akimweleza kila mteja waziwazi, lakini mwenye duka mmoja, aliyemuuzia mafuta miaka na miaka, akatangaza mtaani kwamba mama anawadanganya wazazi kuwa sabuni bado ni ya mizeituni, na wateja wakamkimbia, baadhi yenu mliomo humu mkiwa wa kwanza. Jambo hilo lilimuuma kuliko njaa.

Tension, shinikizo la damu, ilimshika Novemba 2024, akalazwa mara mbili, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Machi 2025, na hadi wiki yake ya mwisho alikuwa akiuliza kama mafuta yamefika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wapikaji sabuni wenzake waliomwosha. Jana jioni mwenye duka yule alituletea bidoni mbili, yaani madumu, za mafuta ya mizeituni, zimejaa vumbi la ghala, tarehe ya 2023 bado inasomeka, akasema ni rambirambi. Kumbe alikuwa nayo siku zile alipomjibu mama hakuna. Tumeziweka mlangoni mwa parsela, azichukue akitoka, na makaburini asitusindikize.

Mama Julienne, hukumdanganya mtu yeyote, sasa pumzika kwa amani.