Fundi Bomba Aliyekausha Machozi ya Nyumba

Wasikilizaji wapendwa, hebu wekeni sufuria chini kidogo. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Narudia: fundi bomba, si mchoraji. Wengi walimwita Mzee Spana. Ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja, na wasanii wa mji huu wamemlilia kama mjomba wao.

Hakuwa mwenyeji hapa. Mara ya kwanza alikuja kumtembelea bintiye, muuguzi, kwa siku nne. Siku nne tu. Binti alikuwa zamu. Mzee akachoka kukodolea kuta macho, akatoka kunyoosha miguu. Nyuma ya soko akaona ghala la zamani, mlango wazi. Akaingia. Kumbe ni ukumbi wa maonyesho ya sanaa.

Alizunguka, mikono nyuma. Penye picha ya ng'ombe wa buluu alimuuliza mchoraji kama mnyama yule ameshaonwa na daktari. Penye kiti cha miguu mitatu aliinama kuutafuta wa nne. Kisha akasikia tone. Kwenye kona, bomba lenye kutu lilidondosha maji ndani ya beseni, na hakuna aliyejali. Mzee alitembea na spana mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Akaichomoa. Dakika tano baadaye, kimya.

Wasikilizaji wapendwa, bomba lile ndilo lilikuwa kazi ya sanaa. Liliitwa "Machozi ya Nyumba". Msanii wake, dada aliyelihangaikia miezi saba, alikuwa alizindue saa kumi jioni hiyo hiyo. Alipolikuta kavu, aliketi sakafuni.

Binti akapigiwa simu, akafika na sare yake ya kazi, uso umemshuka kwa aibu. Akamsihi baba waondoke. Mzee akakataa katakata mpaka arudishe alichokiharibu. Shida ni kwamba kuvujisha hakujua. Akilegeza, maji yanamwagika. Akikaza, yanakatika.

"Miaka arobaini nayazuia maji," alimwambia yule dada. "Leo mikono inagoma. Hebu nieleze, tone hili linalia nini?"

Dada akamweleza. Nyumba ya wazazi wake ilibomolewa, na kilichobaki masikioni mwake ni bomba la jikoni lililokuwa halifungi vizuri. Mzee akasogeza sikio kwenye bomba. Akauliza kama tone la jikoni lilidondoka haraka au polepole. Akafumba macho. Akakaza kidogo, akalegeza kidogo, mpaka dada akasema, "Hapo. Hapo hapo." Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu.

Siku nne zikawa majuma matatu. Tangu hapo alirudi kila mwaka, akazunguka karakana za wachoraji na wachongaji, akiuliza maswali ambayo wasomi huona haya kuyauliza. Mkewe anasema, "Nilidhani amepata mwanamke huko. Nikaja kukagua. Nikamkuta anabishana na sanamu."

Mwaka huu alikuja akiwa dhaifu. Bintiye anasimulia: "Zamani nilitangulia hatua tatu, watu wasijue ni baba yangu. Safari hii nilimshika mkono. Na kila mlango tulioingia alisema, 'Huyu ni binti yangu. Sanaa haijui, mvumilieni.'"

Pole nyingi, mama. Pole, muuguzi wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni mlango gani tunaupita kila siku bila kuchungulia, na ni nani tungemshika mkono tuingie naye?