Felesta Kanyimbi na King'ora cha Nyamtema

Ndugu, majirani, machifu wetu na wageni mliotoka Blantyre, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kukaa nasi hapa Nyamtema. Tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 15 Machi 2024, ni binti yetu, Mhandisi Felesta Kanyimbi Mankhokwe. Tutamsimulia alivyokuwa, na ukaidi wake humo humo, maana tukiuacha nje hamtamtambua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 hapa hapa Nyamtema, wilaya ya Nsanje, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Laston Kanyimbi na Mama Enifa, ambaye tunaye hapa mbele. Alipokuwa na miaka tisa hivi alifungua waya wa mama wa kuanikia nguo, akaufunga kwenye redio ya baba na kuupandisha juu ya paa ili stesheni zishike vizuri. Zilishika kweli. Nguo za nyumba nzima zikabaki matopeni. Mama Enifa husema alimchapa huku mguu wake mwenyewe ukifuata wimbo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya bweni Blantyre, ambako alikuwa msichana pekee katika darasa la fizikia. Mwaka 1991 alihitimu stashahada ya elektroniki na kuajiriwa kama fundi mitambo katika stesheni moja ya redio mjini humo.

Huko ndiko ndoa ilikomkuta. Bwana Grevazio Mankhokwe, wakati huo mwalimu kijana wa Bangula, alipeleka tangazo lisomwe hewani kama yanavyosomwa matangazo ya misiba na safari: "Felesta Kanyimbi, fika Bangula upesi, kuna dharura." Felesta alilizuia lisisomwe. Akalirudisha kwa dereva wa basi aliyelileta, na maswali yake mgongoni mwa karatasi: dharura gani, sehemu gani ya Bangula, lini, na mimi nifanye nini? Jibu lilikuja wiki iliyofuata: "Dharura ni ndoa. Nyumbani kwa wazazi wangu, Jumapili baada ya ibada. Ukubali." Akakubali. Walifunga ndoa tarehe 4 Novemba 1995 na kujaliwa watoto watatu. Shemeji Grevazio anasema katika miaka ishirini na minane hakuthubutu tena kumwambia mkewe "njoo upesi" bila kueleza.

Mwaka 2009 alijiunga na kikosi kilichopewa kazi ya kuujenga upya mfumo wa tahadhari wa bonde letu la Shire ya chini. Wenye umri wetu tunajua mambo yalivyokuwa. Mto ukijaa huko juu, mtunza kipimo cha maji alimpigia afisa simu, afisa akamtafuta chifu, chifu akamtuma mtu wa filimbi, na mtu wa filimbi yuko kilabuni. Redio hii inasema maji yanakuja, ile inasema yamepita, na shirika la misaada linamtumia bibi anayejua Kisena tu ujumbe wa Kiingereza. Felesta alisimamia utaratibu wa kidijitali unaotumiwa na nchi nyingi: tahadhari inaandikwa mara moja tu, katika sehemu zilizokwisha kupangwa, hatari gani, eneo gani, lini, kali kiasi gani, watu wafanye nini. Halafu mitambo yenyewe inaipeleka kwa pamoja kwenye simu, redio na ving'ora vya vijijini. Ilimchukua miaka sita kuzikalisha ofisi zote kwenye meza moja. Kila ofisi ilitaka maneno yake ndiyo yatangulie.

King'ora chetu kilifungwa juu ya paa la shule, akakabidhiwa Bwana Semba wa kamati ya kijiji. Kila Ijumaa saa sita mchana kililia mara moja kwa majaribio. Watoto walikizoea, na mbuzi nao wakakizoea.

Sasa tufike kwenye siku ambayo marehemu hakuipita hata mara moja moyoni mwake. Alhamisi tarehe 18 Februari 2016, mama mzazi wa Chifu Chaoneka alifariki. Hapa kwetu, mwenye msiba akiwa na maiti ndani, redio hazifunguliwi, ngoma za starehe hazipigwi, na siku hizi simu huzimwa. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Kesho yake ni Ijumaa, na king'ora kingelia saa sita juu ya maiti ya mama wa chifu. Bwana Semba akapanda ngazi, akachomoa waya wa honi na kuuweka mfukoni kwa heshima zote. Hakuna hata mmoja wetu ambaye asingefanya hivyo.

Ijumaa asubuhi jua lilikuwa kali na mbingu safi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani Thyolo, na mto Ruo ulikuwa ukishuka na miti mizima. Huko Blantyre, Felesta alituma tahadhari ya kwanza ya kweli tangu mfumo ukamilike. Kwenye kioo cha kompyuta kila kijiji kikajibu kwa alama ya kijani. Nyamtema pia kijani, kwa sababu mtambo uliupokea ujumbe vizuri, ila honi ndiyo haikuwa na waya. Wenzake wakaanza kupeana mikono. Yeye akampigia mdogo wake Denesi, apate tu kusikia king'ora kwa masikio yake. Simu imezimwa. Akampigia Semba. Imezimwa. Akampigia mama yake, kisha chifu. Zote.

"Kuna msiba," alisema, na wenzake wanasimulia kwamba uso ulimwisha damu.

Akampigia Alufeyo, kijana wa kubeba abiria kwa baiskeli katika kijiji jirani.

"Alufeyo, uko wapi?"

"Nipo kijiweni, dada."

"Kimbia Nyamtema sasa hivi. Waambie maji ya Ruo yanashuka, wapande shuleni."

"Dada, kule kuna maiti ya mama wa chifu. Nikiingia napiga kelele watanivunja miguu!"

"Wakuvunje. Nitakutibu mimi. Nenda!"

Alufeyo alikwenda. Aliingia na baiskeli katikati ya akina mama waliokaa chini, akipayuka, na kweli alipigwa. "Mshenzi we, umelewa asubuhi yote hii?" Alikuwa bado anapigwa, mtu mmoja alipowasha simu yake ili aite polisi, na tahadhari ikafunguka kioo kizima. Ndipo watu wakakimbia. Jeneza lilipanda shuleni mabegani mwa wanawake. Lakini vijana waliokuwa wakichimba kaburi walikuwa makaburini, kule kwenye miti mikubwa karibu na mto, na hakuna aliyewawahi. Wanne walikufa. Mmoja wao ni Denesi Kanyimbi.

Felesta hakuwahi kuyaita mafuriko ya mwaka 2016. Aliyaita siku ya Denesi. Na Bwana Semba, Felesta hakumlaumu hata kwa kumkunjia uso. Mtambo aliutengeneza yeye, akaubadili: kuanzia hapo alama ya kijani haikutokea mpaka king'ora chenyewe kithibitishe kuwa kimelia. Hilo lilikuwa la kifundi, akalimaliza. La pili lilikuwa letu, na hilo likamtesa.

Alikuja kwenye baraza la machifu mwaka uliofuata. Waliokuwepo wanakumbuka.

"Mhandisi," alisema Chifu Chaoneka, "hatari ya kweli ikija, kilie, sikatai. Lakini majaribio? Majaribio ni mchezo. Msibani hatuchezi."

"Chifu, mkikizima kwa ajili ya majaribio, maji yakija nani atakumbuka kukiwasha? Mara ile alikumbuka nani?"

Chifu alikuwa amempoteza mama na kunusurika kuupoteza na mwili wa mama huyo, lakini adabu ni adabu.

"Basi tafuta familia moja," alisema mwishoni. "Familia moja ikubali kilie juu ya maiti yao, waya usiguswe. Wakikubali hao, nitaweka sheria kwa wote. Mimi sitamlazimisha mtu mwenye kilio."

Miaka saba Felesta aliitafuta familia hiyo. Aliingia nyumba kwa nyumba, akinyweshwa uji na kusindikizwa kwa heshima mpaka njiani, na jibu la "hapana" mkononi. Wapo waliomkejeli: "Mama, si uanze na wako?" Mwaka 2019 baba yake, Mzee Laston, alipofariki, alipiga magoti mbele ya ukoo akaomba. Wazee wetu walikataa, na msemaji alikuwa baba mdogo Fombe. Waya ukachomolewa. Felesta hakulia msibani kwa baba yake kama watoto wengine, kwa sababu siku zote za msiba alikaa kwenye ngazi za shule, redio ndogo sikioni, macho mtoni, akikilinda kijiji kisichokuwa na king'ora. Tulimwita mkaidi. Wengine walimwita kichaa. Maji hayakuja, na hiyo ilikuwa bahati tu.

Mwezi Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Blantyre, akapata nafuu, akarudi kazini, akaanguka tena mwezi Desemba mwaka jana. Januari aliomba aletwe nyumbani, azikwe karibu na Denesi, na mumewe akaridhia. Akamwita baba mdogo Fombe kitandani.

"Baba mdogo, nimeipata familia."

"Familia gani?"

"Sisi. Nikifa, waya usiguswe."

"We Felesta! Watu waseme ukoo wa Kanyimbi ulimzika binti yao kwa makelele, kama mwizi anayefukuzwa?"

"Waseme, baba. Watakuwa hai wakisema."

Baba mdogo alitoka. Alirudi kila siku kumuuliza hali, akimletea samaki wa kuchemsha, na kila siku marehemu alimuuliza lile lile. Hakujibiwa. Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Marehemu amemwacha mama mzazi, Mama Enifa, mume, Bwana Grevazio Mankhokwe, watoto Tadala, Yankho na Limbani, wajukuu wawili, dada zake Ethel na Magireti, baba mdogo Fombe Kanyimbi na ukoo mzima.

Ndugu, kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, kwa sababu kilipochapwa jana tulikuwa hatujaafikiana. Jana kutwa tuligombana, tena kwa maneno mazito, na wengine walikuwa tayari kuubeba mwili kuupeleka kwingine. Haya yanayofuata nayaongeza kwa idhini ya wakubwa.

Leo asubuhi Bwana Semba aliiendea ngazi kama kawaida ya msiba. Alimkuta baba mdogo Fombe amekaa juu ya ngazi hiyo, chini ya paa la shule, na koti lake la mazishi.

"Shuka, mzee, nikachomoe."

"Nenda zako, Semba."

"Chifu ataniuliza."

"Mwambie chifu familia imepatikana."

Baba mdogo yuko huko hadi sasa. Amekataa kuja kukaa kwenye viti. Na Chifu Chaoneka, aliyeketi mbele yetu, ameniambia nitangaze kwamba kuanzia jeneza hili, katika himaya yake waya hauguswi kwa ajili ya maiti yoyote, hata yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba muwashe simu zenu. Mama Enifa, usishtuke. Akina mama mliokaa karibu naye, mshikeni. Wenye watoto wadogo wawapakate. Vijana mlioko makaburini mmeshaambiwa.

Mungu ampokee binti yetu Felesta na ampe usingizi ambao sisi tulimnyima. Sasa tunyamaze. Ni karibu saa sita.