Mzunguko wa Kumi na Nne: Wasifu wa Mhandisi Pima-Tena

Mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1949, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali iliyopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma. Dakika hizo ishirini alizisisitiza yeye mwenyewe maisha yake yote, ingawa marehemu mama yake alikuwa akisema nyumba nzima haikuwa na saa siku hiyo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa mchomeleaji katika karakana hiyo, na mama yake alifua mashuka ya hospitali.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, akamaliza shule ya ufundi mwaka 1967. Wenzake wa darasani, wawili kati yao wako hapa leo, hawajamsamehe kwa jambo moja. Alirudishiwa mtihani wa hesabu, akamfuata mwalimu na kumwambia ameongezewa alama mbili kimakosa. Mwalimu akahesabu upya, akakuta ni tatu, kisha akahesabu upya karatasi za darasa zima. Siku ile alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko, kwa sababu kwenye njia ya kawaida kulikuwa na watu wanaomsubiri. Aliingia chuo cha uhandisi mwaka 1968 na kuhitimu shahada ya mitambo mwaka 1972.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia tarehe 3 Julai 1972, ilikuwa katika karakana ya kuunda mabodi ya mabasi. Huko ndiko alikobatizwa jina la Pima-Tena, kwa kuwa fundi akimletea bamba la chuma na kumwambia liko sawasawa, jibu lake lilikuwa moja tu: "Pima tena." Mafundi walimsengenya wakishampa kisogo, lakini walipima.

Huko huko alimpata mke. Mama yetu alikuwa mshonaji wa viti vya mabasi. Siku moja Mzee, wakati huo kijana mwenye penseli sikioni, alimfuata kumlalamikia kwamba mshono wa kiti umekwenda upande kwa milimita mbili. Mama hakuinua hata macho.

"Kikalie kwanza," alimwambia. "Halafu uniambie hizo milimita mbili zinakuuma wapi."

Akakikalia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1973, na Mungu akawajalia watoto watatu: binti, kisha wavulana wawili.

Tarehe 1 Machi 1981 alihamia kiwanda cha magari madogo, alikokaa hadi kustaafu. Mwaka 1994 alikabidhiwa kuongoza ofisi ya kubuni gari ambalo kiwanda hakikuwahi kuthubutu kulitengeneza: gari la mbio la milango miwili na viti viwili, lenye paa la chini kiasi kwamba mtu mrefu aliliingia kama anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Lilitakiwa kufika kilomita mia mbili na hamsini kwa saa. Kwa kasi hiyo hewa inayopita juu ya gari hulinyanyua, hasa mkiani, na kazi ya Mzee ilikuwa kuhakikisha magurudumu ya nyuma yanaendelea kuishika barabara. Wachoraji wa umbo walitaka mgongo mtupu, usio na bawa. Yeye alitaka bawa la kuukandamiza mkia chini. Walibishana miezi kumi na minne katika chumba kilichonuka udongo wa kufinyangia, mfano wa gari wa ukubwa kamili ukiwa katikati yao. Mwishowe alikokotoa, akaona bawa linaweza kushushwa sentimita nne bila hatari, akakubali. Wachoraji walimbeba juu juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tuliompenda tunalisema hilo bila kumwonea: hesabu ile hakuipima tena.

Binti yake, kifungua mimba, alikuwa ameajiriwa kiwandani hapo kama fundi wa breki, na mwaka 1996 akawa dereva wa majaribio. Tangu siku hiyo Mzee alikuwa na roho mkononi. Mwezi Septemba 1997 binti akiwa anaendesha gari la kawaida, manyunyu yalianza kudondoka. Mzee alinyakua ubao mweusi ambao juu yake madereva huonyeshwa maandishi ya chaki wanapopita, akaandika INGIA, akamtoa barabarani. Lami ilikuwa hata haijalowa. Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu, na mmoja akamwuliza binti kama baba amemletea na sweta. Jioni, mezani, binti alisema mbele ya mama yake:

"Baba, pale mimi si mtoto wako. Ni dereva. Siku nyingine ukiniita kwa woga wako, siingii. Naapa siingii."

"Sawa," alisema Mzee, akaendelea kula.

Na binti huyu tunamjua. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akisema haingii, haingii.

Alhamisi, tarehe 18 Juni 1998, saa nne asubuhi, gari la mbio lilitolewa kwa jaribio kubwa: mizunguko ishirini bila kusimama katika barabara ya majaribio ya kiwanda, kila mzunguko kilomita sita, mbele ya mkurugenzi na wageni waliokaa chini ya turubai. Aliyeshika usukani alikuwa binti. Redio ya kuzungumza na dereva ilikuwa imeng'olewa ili kupunguza uzito, kwa amri ya Mzee mwenyewe. Kilichobaki ni ubao na chaki. Kila baada ya dakika mbili gari lilipita mbele yao kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, na Mzee akaonyesha idadi ya mizunguko iliyobaki.

Katika mzunguko wa kumi na mbili, mjaza mafuta, mzee mwenzake, alimwuliza kama asogeze pipa.

"Acha," Mzee alijibu. "Atamaliza tangi likiwa karibu tupu."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Tangi la gari lile lilikaa nyuma ya viti, juu ya magurudumu ya nyuma, na likijaa lilikuwa na uzito wa mtu mzima. Hesabu yote ya bawa alikuwa ameifanya tangi likiwa limejaa. Akachomoa kalamu, akakokotoa juu ya kiganja kwa kuwa karatasi zilikuwa ofisini. Mafuta yakishuka chini ya robo, pale kwenye kona ndefu ya mteremko, mkia wa gari usingekuwa na kitu cha kutosha kuubana chini. Ungeteleza, na kwa kasi ile hakuna dereva duniani ambaye angeurudisha. Robo ilikuwa inafikiwa mzunguko wa kumi na tano.

Aliandika INGIA. Gari lilipita. Binti aliwasha taa mara mbili, maana yake nimeona, akapotelea mbele kwa kasi ile ile.

Mkurugenzi alikuja mbio. "Mzee, unafanya nini? Wageni wanaangalia. Ukimsimamisha sasa watasema gari bovu."

"Ni bovu."

"Nani kasema?"

"Mimi. Na usogee, unanizibia."

Mzee aliushusha ubao. Alijua kwa nini binti hakuingia. Alijua pia kwamba akiandika INGIA mara mia, mwanawe ataapa mara mia. Namna gani atamwambia, kwa chaki, kwa nukta mbili za saa, kwamba safari hii si baba anayeogopa, ni mhandisi anayejua? Alifuta ubao kwa mkono wa koti. Akaandika neno ambalo binti yule, kwa miaka yake yote ishirini na mitatu, hakuwahi kulisikia kinywani mwa baba yake, wala mama, wala sisi wa nyumbani: NIMEKOSEA. Herufi ziliujaza ubao kutoka pembe hadi pembe. Akasogea nao mpaka ukingoni mwa lami, watu wakimvuta koti kwa nyuma.

Gari likapita, likaanza mzunguko wa kumi na nne. Taa hazikuwaka.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, na gari halikutokea.  Ya tatu. Chini ya turubai mgeni mmoja akasimama, kisha wote wakasimama. Hakuna aliyethubutu kumtazama Mzee usoni. Mjaza mafuta alisema baadaye kwamba yeye alikuwa akisali, na kwamba hakukumbuka neno la sala hata moja, alikuwa akirudia tu "jamani, jamani". Ya nne. Ndipo gari likatokea kwenye kona, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Binti alivua kofia ngumu. "Umekosea nini, Baba?"

"Nilihesabu tangi likiwa limejaa."

Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akakaa chini palepale kwenye lami. "Mzunguko uliopita lilinichezea mkia kidogo," alisema. "Nikadhani ni mimi." Baba yake aliinama, akaogopa kumshika.

Mzee alikwenda chini ya turubai, akawaeleza wageni kosa ni la nani, mstari kwa mstari, akiwaonyesha kiganja. Wageni waliondoka bila kunywa chai. Wiki iliyofuata aliondolewa uongozi wa ofisi na kupewa meza karibu na mlango wa choo, kazi yake ikiwa kukagua hesabu za wengine. Mama alijaribu kumfariji: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. "Methali hiyo," Mzee alisema, "imetungwa na mtu asiyetengeneza magari." Bawa liliinuliwa sentimita sita. Tarehe 20 Mei 1999 gari lilijaribiwa tena, na binti alikataa katakata mtu mwingine kulishika. Mzee alisimama wima mizunguko yote ishirini. Ilipokwisha alirudi kwenye meza yake ya ukaguzi. Gari lilianza kuuzwa Novemba mwaka huo.

Watu wengi walidhani hadithi iliishia hapo. Sisi wa nyumbani tunajua haikuishia. Tangu siku ile Mzee hakuwahi kukaa ndani ya gari lile. Binti alijinunulia moja, la rangi ya kijivu, na kila Jumapili alikuja nalo na kumwambia, "Baba, panda tuzunguke." Kila Jumapili Mzee alikuwa na goti, au mgeni, au bomba linalovuja. Mwaka wa kwanza tulicheka. Mwaka wa kumi hakuna aliyecheka. Binti aliamini kwamba baba yake hamwamini, na jambo hilo likamla ndani kwa ndani. Mama peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli: "Yeye namwamini. Simwamini aliyelichora. Nikikaa humo nitasikia kosa jingine, na nitakuwa nimemwacha mwanangu nalo miaka yote hii."

Alistaafu Februari 2009. Mwaka 2014 madaktari waligundua moyo wake umepanuka na hausukumi damu sawasawa. Alitaka kujua kwa asilimia ngapi. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho kuanzia tarehe 24 Septemba 2016, na alipoambiwa hakuna zaidi la kufanya, aliomba akafie kitandani kwake.

Ijumaa, tarehe 7 Oktoba, asubuhi, binti alimfuata hospitali na gari la kijivu. Mzee aliliona kutoka kwenye ngazi, akashika nguzo.

"Teksi hakuna?"

"Zipo," alisema binti. "Lakini mimi sina Jumapili nyingine, Baba. Kama huniamini, niambie leo. Niambie usoni."

 Muuguzi aliyemshikia mfuko wa dawa alisogea pembeni. Ndipo Mzee akamwambia mwanawe yale aliyomwambia mama, palepale kwenye ngazi, kwa pumzi fupi fupi. Binti alilia kwa sauti, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Halafu akajifuta.

"Kilomita laki mbili na elfu kumi, Baba. Mvua, jua, tangi limejaa, tangi tupu. Nimekupimia tena. Sasa panda."

Akapanda. Alipitisha mkono kwenye mlango, kwenye dirisha, akatega sikio injini ilipowaka. Walitoka mjini taratibu. Kwenye barabara ndefu inayopita kiwanda cha unga, Mzee alifungua mdomo.

"Unaniendesha kama trei la mayai. Ongeza."

Akaongeza. Kasi hatutaitaja, kwa kuwa askari wa barabarani ni jirani yetu na amekaa safu ya tatu. Mzee alisikiliza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipogeuka kumtazama kwenye ya nne, binti alikuta amelala, kichwa kimeegemea kioo, mikono imelegea mapajani. Mtu huyu hakuwahi kusinzia ndani ya chombo chochote cha moto alichokijua namna kilivyoundwa. Binti aliipita njia ya nyumbani bila kukata kona. Akaendesha kilomita arobaini mbele na arobaini kurudi, ili asimwamshe.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2016, saa nane na dakika tano mchana. Dakika hizo tumezipima kwa saa mbili tofauti. Ameacha mjane, dada mmoja, binti na wavulana wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na meza moja ya wakaguzi kiwandani ambayo hadi leo hakuna mchoro unaopita bila kuifikia.

Mungu ampe usingizi kama ule.