Wakanyaga Udongo

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, tundu la kitasa bado lipo, na anayechelewa kufika ndiye hukalia tundu. Liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, kando ya jiko la mama wa kahawa, pale njia ya kiwanda cha matofali inapokutana na ya sokoni. Wakaaji ni wale wale. Yupo Uhakika, msoma mita mstaafu, ambaye hajawahi kutamka neno "sijui" tangu aanze kupokea pensheni. Yupo Kipimo, fundi cherehani, futi iko shingoni hata siku ambazo hana nguo ya kushona, na siku hizo ndizo nyingi. Asubuhi ile alikuwepo pia Nyapara, msimamizi wa kiwanda, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine ndani ya soksi, kwa kuwa buti la pili lilikuwa mapajani mwa Fundi, mwenye kibanda, soli imeachama kama mdomo wa samaki. Na habari ilikuwa moja tu: jana saa nne, mdogo wake Fundi, wa kike, alianguka kifudifudi kwenye shimo la udongo.

— Tusikuze mambo, alisema Nyapara. Hakuanguka. Alilala.

Fundi aliendelea kupaka gundi. Nyapara alikuwa amemwoa binamu yake, waliitana shemeji, na ushemeji una adabu zake hata pale mtu anapotamani kukurushia nyundo.

— Alilala na pua ndani ya tope, shemeji?

— Mtu mvivu haoni pabaya pa kulala.

Mdogo wake Fundi alikuwa na mwaka wa nane kwenye kazi ya kukanyaga udongo. Mtu huingia shimoni alfajiri, udongo umeloweshwa, akaukanyaga mpaka ulainike kama unga uliokandwa na mwenye mkono wa kukanda. Hufanywa pekupeku. Buti hunasa udongo, na zaidi ya hapo buti halioni. Kokoto moja ikijificha ndani ya tofali, tofali hupasuka tanurini, na kinachoweza kuiona kokoto ni unyayo. Kiwanda kizima hakikuwa na unyayo wenye macho kama wa yule dada. Wafyatuaji waligombea udongo wake.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa Nyapara alikuwa na daftari gotini, limeandikwa majina ya kikosi cha tanuri jipya linaloanza Jumatatu, na jina la yule dada halimo. Nyapara alikuwa amekuja kwa mambo mawili, buti na ombi. Aliomba Fundi ndiye amwambie dada yake asije tena, kwa kuwa neno la kaka huingia polepole, ila likisemwa na msimamizi mtu ataona anaonewa.

Fundi alisugua gundi kwenye soli. Dada yake ni mjane mwenye watoto watatu, wanaishi chumba cha uani kwake, na wote wanne wanakula kwa nyayo zile.

Benchi lilichukua kesi. Uhakika alifungua kwa kutangaza mimba: mwanamke amepauka, anachoka, tena ameonekana akimega udongo ukutani na kuula, hapo kuna swali gani? Mama wa kahawa alimkumbusha kwamba mume wa huyo dada alifariki miaka mitano iliyopita. Uhakika alipuliza kikombe chake.

— Nina uhakika na mimba. Mambo ya mume ni idara nyingine.

Kipimo aliona hilo ni jepesi mno. Kwa maoni yake, kila tanuri jipya huchagua mtu wake, likaanza kumnyonya kabla hata halijawashwa, ndiyo maana matofali hutoka mekundu. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya serikali. Uhakika hakukubali kushindwa. Alieleza kwamba tatizo lilianzia zahanati, siku yule dada alipotolewa damu ikawekwa kwenye kichupa.

— Kile ni cha kuonjea, alisema. Wakiipenda, wanajua namna ya kuifuata iliyobaki.

— Walimpa na vidonge vya minyoo, alisema Fundi. Mara mbili.

— Vikamsaidia?

Vilimsaidia, na hilo ndilo lililokuwa linamla Fundi. Kila dada yake alipomeza alipata nafuu ya miezi miwili mitatu, akarudi kula, akacheka na wanawe, akabeba ndoo. Kisha taratibu akafifia tena. Siku hizi ngazi tatu za mlangoni alizipanda kwa vituo. Akikaa, moyo ulionekana ukidunda shingoni kama kitu kinachotafuta njia ya kutokea. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kuliko bahasha, na vifundo vya miguu vilivimba kila jioni. Na kila msimu wa mvua alijikuna katikati ya vidole vya miguu mpaka akatoka damu, Fundi akampa mafuta ya kupaka, wakaishia hapo.

— Basi si minyoo, alihitimisha Uhakika. Minyoo ikimezewa dawa hufa. Ikirudi, hiyo imetumwa.

Kipimo alimalizia na tiba: kijiko kimoja cha mafuta ya taa alfajiri, tumbo likiwa tupu. Shangazi yake alitumia. Mama wa kahawa aliuliza shangazi yuko wapi sasa hivi. Kipimo alisema alishafariki, lakini kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Fundi aligonga msumari kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Alipoinua macho, aliona soksi ya Nyapara. Mguu ule haukugusa ardhi hata mara moja. Ulikuwa umening'inia hewani muda wote huo, na sasa ulianza kutetemeka.

— Shusha mguu upumzike, shemeji.

— Hapa? Pachafu hapa. Mbwa wanapita.

Kipimo alicheka. Fundi hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akamsukumia buti lake.

— Vaa basi.

Nyapara alikuwa bado anafunga kamba alipokuja mwanamke mmoja ambaye benchi halikumjua, begi la turubai begani, koti jeupe limekunjwa mkononi. Aliwaamkia, akaomba kuelekezwa kiwanda cha matofali. Uhakika alimwelekeza njia tatu tofauti. Nyapara alijinyoosha.

— Umefika, dada. Kiwanda ni mimi.

Mwanamke alisema hiyo ni bahati yake. Yeye ni mtu wa maabara, pale zahanati, amehamia mwezi uliopita. Hakutaja mgonjwa yeyote. Alisema tu kwamba sampuli za choo kikubwa alizopima tangu aje, zenye mayai ya minyoo ya safura zimekuwa nyingi kupita kiasi, na akiwauliza wenyewe wanafanya kazi wapi, wote wanamtajia shimo moja.

— Minyoo wanayo watoto, alisema Nyapara. Wale ni watu wazima.

Yule dada wa maabara aliwaeleza bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha ya vifaa. Mnyoo wenyewe hauzidi urefu wa kucha. Unajishika kwa meno kwenye ukuta wa utumbo, unanyonya damu, unahama unajishika pengine, na jeraha la kwanza linabaki likivuja. Mmoja si kitu. Mia kadhaa, mwaka baada ya mwaka, ni mtu mzima anayekaushwa akiwa anatembea: anapauka, moyo unakwenda mbio kwa damu isiyotosha, miguu inajaa maji, na wengine mwili unawatuma kula udongo.

— Na dawa? aliuliza Fundi. Sauti ilimtoka nzito. Mtu akimeza dawa, ikarudi?

— Dawa inaua iliyomo. Haizuii inayoingia.

— Inaingilia wapi?

Mwanamke alimtazama, akatazama viatu vilivyopangwa mbele yake.

— Miguuni. Mayai hutoka na choo cha mtu mwenye minyoo, yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na kiwavi, yaani mtoto wa mnyoo, kinapenya ngozi ya unyayo. Hapo ndipo mtu anawashwa. Kinakwenda na damu mpaka mapafuni, kinakoholewa, kinamezwa, kinafika tumboni. Mtu anaweza kupona Ijumaa akaambukizwa Jumatatu.

Fundi aliweka nyundo chini. Hasira aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya Nyapara ilimrudia yeye kwanza. Miaka minane ameketi akishona viatu vya mji mzima, na dada yake alimwonyesha vidole vile kila mvua zinaponyesha.

— Ndiyo maana nimekuja kuuliza kitu kidogo tu, alisema yule dada wa maabara. Choo cha wafanyakazi kiko upande gani wa shimo?

Kipimo alishika futi yake. Nyapara alisema choo kipo, kisha akasema kilikuwepo, kisha akasema kuna mpango.

— Kilivunjwa mwaka juzi, alisema mama wa kahawa. Chini yake palionekana udongo mzuri. Wakauchimba, wakaufyatua, wakauza.

— Mji mzima unajenga vyoo kwa matofali yenu, alisema Fundi.

— Shemeji, mimi ni mwajiriwa tu.

— Na watu wanakwenda wapi?

Fundi alimwuliza huku anajua. Dada yake alishamwambia: nyuma ya rundo la udongo mbichi, juu kidogo ya shimo, wanaume asubuhi, wanawake kwa zamu huku mmoja akilinda. Mvua ikinyesha, rundo linateremka, na kinachoteremka ndicho kinachokanyagwa. Alishamwambia yote hayo, akilalamikia aibu. Wote wawili walidhani tatizo ni aibu.

Nyapara alifunga daftari, akasimama, akasema tanuri halijengwi kwa maneno. Na lile ombi, shemeji asilisahau.

— Ombi lako silipeleki, alisema Fundi. Nenda mwenyewe, umwambie machoni kwamba ni mvivu. Simama wima usishike ukuta, maana yeye hawezi kusimama bila kuushika.

— Unanivunjia heshima mbele za watu.

— Bado. Nikianza utajua.

Yule dada wa maabara aliingia katikati yao, si kwa kuamua ugomvi. Alikuwa ametoa karatasi na kalamu, na aliuliza kama mtu anayejaza fomu.

— Na wewe, kaka. Umekaa kiwandani kutwa nzima. Ukibanwa, unakwenda wapi?

Wakanyaga udongo wote walijua jibu. Ofisini kwa tajiri mwenye kiwanda kuna choo cha vigae, na funguo zake ni mbili, mmoja wa tajiri, mmoja wa Nyapara. Nyapara alitazama barabara ya sokoni, akatazama ya kiwandani, akatazama mabuti yake. Uhakika alikuwa anatazama ndani ya kikombe kitupu. Kalamu ya yule dada wa maabara ilikuwa bado imegusa karatasi, haijaandika.

— Umeulizwa, shemeji, alisema Fundi.